Menyu isihame

Leo alasiri nimetoa toleo jipya la menyu. Kwa asiyeijua, ni programu ndogo ya chanzo huria niliyoiandika kwa lugha ya Python na GTK, maktaba ya kuchora madirisha na vitufe. Inakaa kwenye kona ya chini ya kioo, kwenye Linux yenye Xfce, mazingira mepesi ya mezani yanayoleta madirisha na paneli. Ukibonyeza kitufe inafungua orodha ya programu zilizomo kwenye kompyuta, unachagua, inajifunga. Wengi wanaoitumia nawafahamu: walimu, vijana wa chuo, na shangazi yangu mwenye steshenari Morogoro.

Mabadiliko ya safari hii ni mengi, ila mtu akiifungua kesho asubuhi hataona kikubwa kilichobadilika. Nimehangaika sana kuhakikisha iwe hivyo, na ndilo jambo ninalotaka kuliandika hapa.

Kwanza niseme menyu inavyofanya kazi. Kila programu inapowekwa kwenye Linux huacha faili dogo la maandishi linaloishia na .desktop, mara nyingi ndani ya /usr/share/applications. Humo mna jina la programu, amri ya kuifungua, aikoni yake, na makundi yake: Office, Graphics, Network na mengine. Menyu inayasoma mafaili hayo na kuyapanga. Utaratibu huu unatunzwa na freedesktop.org, mradi ulioanzishwa na Havoc Pennington mwaka 2000 ili GNOME, KDE na watengenezaji wengine wa mazingira ya mezani waache kila mmoja kuwa na utaratibu wake. Nauheshimu sana uamuzi ule. Kwa sababu yake mtu mmoja aliyekaa Dar es Salaam anaweza kuandika menyu inayozitambua programu za watu asiowajua kabisa, bila kumwomba yeyote ruhusa.

Kazi iliyokula muda mwingi ni ya Flatpak, njia ya kuweka programu isiyotegemea aina ya Linux unayotumia. Mtu akiweka GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa apt, njia ya kawaida ya Debian na Ubuntu, faili linaitwa gimp.desktop. Akiiweka tena kwa Flatpak linakuja org.gimp.GIMP.desktop, kwenye folda nyingine, /var/lib/flatpak/exports/share/applications. Majina ya mafaili hayafanani, kwa hiyo kwa mujibu wa kanuni hizo ni programu mbili, na menyu inaonyesha aikoni mbili zinazofanana kama mapacha. Wapo waliotaka nifiche moja. Nimekataa, kwa kuwa mara nyingi ni matoleo tofauti na mwenye kompyuta ana sababu yake ya kuweka yote mawili. Sasa jina likijirudia, chini yake panatokea maandishi madogo yanayosema programu ilikotoka. Zisizojirudia zimebaki kama zilivyokuwa.

Upande wa kasi, mzigo ulikuwa kwenye aikoni. Kompyuta ya shangazi ni mtumba, ina diski ya zamani inayozunguka, na kutafuta aikoni za programu zote kwenye mafolda ya mandhari (seti za mwonekano) kuliifanya menyu isite kila mashine ilipowashwa. Sasa inapakia aikoni za kundi linaloonekana tu, nyingine zinafuata taratibu. Mafaili yenyewe hayasomwi upya kila mara. Menyu inakaa ikisikiliza inotify, huduma ya Linux inayotoa taarifa folda ikibadilika, na folda ikiguswa ndipo inasoma.

Nije kwenye lililoninyima usingizi.

Kijana mmoja wa Eldoret alinitumia msimbo safi, umeandikwa kwa adabu, una majaribio yake yote. Ulikuwa unaifanya menyu ihesabu programu unazozifungua na kuzipandisha juu zile unazozitumia zaidi. Hoja yake ilikuwa na uzito: kwa nini mtu ashuke orodha nzima kila siku kufuata kitu anachokitumia tangu asubuhi hadi jioni? Nilisoma msimbo wake, nikaupenda, na nikashindwa kuukubali. Sikuweza kumweleza sababu hadi nilipokwenda Morogoro.

Nilikaa nyuma ya kaunta ya shangazi nikamwangalia dada anayefanya kazi pale. Asubuhi steshenari inajaa. Mmoja anataka kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, mwingine anataka kuhakiki cheti cha kuzaliwa kwenye mfumo wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wa tatu ameshika kitambulisho anataka kukiskani. Dada anazungumza na mteja, macho yako kwa mteja, na mkono unabonyeza kitufe cha menyu, unashuka mistari miwili, Enter, programu ya kuskani inafunguka. Hajaitazama menyu hata kidogo. Mkono wake umeshaijua.

Nikamuuliza ingekuwaje kama orodha ingekuwa inajipanga yenyewe kufuatana na anachokitumia zaidi.

“Kaka, ikijipanga yenyewe, mimi nitaijuaje?”

Shangazi akadakia kutoka kwenye mashine ya kopi: “Usimguse huyo, mwanangu. Tukikosea fomu ya mtu hapa, anakosa mkopo.”

Kila mpangilio unaobadilika wenyewe unamlazimisha mtu asome upya. Kwa anayefungua kompyuta mara moja kwa siku hilo halina uzito. Kwa anayehudumia foleni, ni macho yanayoondoka kwa mteja mara kwa mara mchana kutwa. Nadhani hii ndiyo sababu watu walipaza sauti GNOME 3 ilipotoka Aprili 2011 na kuiondoa ile menyu ya juu iliyozoeleka. Walioitengeneza walikuwa na hoja za maana, na GNOME ya leo naiona nzuri. Lakini mikono ya watu ilikuwa imeshazoea njia yake, ndiyo maana mtumiaji mmoja wa Arch Linux kutoka Argentina akaanzisha MATE kuuendeleza mpangilio wa zamani, na Linux Mint wakaja na Cinnamon kwa nia hiyohiyo. Mwaka uliofuata Windows 8 ilikuja bila kitufe cha Start, kilichokuwapo tangu 1995. Kitufe kilirudi na 8.1 mwaka 2013, na menyu kamili ikasubiri Windows 10, mwaka 2015.

Nilimwandikia kijana wa Eldoret haya yote, kwa urefu kuliko nilivyowahi kumwandikia mtu kuhusu msimbo. Alikaa kimya kidogo, kisha akaleta kazi nyingine: hesabu yake ileile, lakini ndani ya kundi la pekee liitwalo “Za karibuni”, mwisho kabisa wa orodha. Anayelitaka analifungua. Asiyelitaka haligusi, na juu yake hakuna kilichosogea hata mstari mmoja. Limo kwenye toleo la leo, na jina la kijana huyo lipo kwenye orodha ya waandishi.

Kanuni hiyohiyo nimeipeleka kwenye utafutaji. Lugha ya mashine ikiwa sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, menyu inatafuta kwanza jina la Kiswahili kwenye faili la programu, na lisipokuwepo inachukua la Kiingereza. Mara nyingi halipo. Kwa hiyo nimeambatisha faili la maneno ya kutafutia: ukiandika “barua” inakuja LibreOffice Writer, “hesabu” inaleta Calc ya majedwali, “skani” inaleta programu ya kuskani. Na ukiandika herufi zilezile kesho, majibu yatakuja kwa mpangilio uleule wa leo, maadamu hujaweka programu mpya. Faili hilo ni maandishi matupu; mwenye neno la kwao, la Lubumbashi au la Lamu, analiongeza na kunitumia.

Kilichobaki mezani ni Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye kioo, na ni kigumu. Kwenye X11, mfumo wa zamani, menyu inajiweka yenyewe mahali inapotaka kwenye kioo, na inaweza kukamata kitufe cha kibodi hata programu nyingine ikiwa mbele. Wayland imeyazuia yote mawili kwa ajili ya usalama, na naukubali mpango huo, maana programu inayoweza kukamata kibodi inaweza pia kusoma nywila. Xfce 4.20 ya Desemba 2024 imeanza kuifuata Wayland kwa majaribio. Njia iliyo wazi kwangu ni itifaki ya layer-shell, inayoiruhusu programu kukaa kwenye kona au ukingo wa kioo, ambayo labwc na Wayfire, programu za kuendesha madirisha kwenye Wayland, wanayo. GNOME hawaitumii, hivyo huko sitafika kwa sasa. Wiki ijayo naanza na labwc. Sharti nililojiwekea ni kona ileile, kitufe kilekile, na programu ya kuskani kwenye mstari uleule.