Thiknesa ya mtumba: ya kukagua kabla mashine haijapakiwa kuja Tabora

Ubao wa mninga uliochanwa porini kwa chenisoo huja na unene wa kubahatisha: ncha hii inchi moja na robo, ncha ile inchi moja kasoro, na katikati kuna mifereji ya mnyororo. Ukiusawazisha kwa randa ya mkono, mbao nne zinamaliza asubuhi nzima. Hapo ndipo seremala anayefanyia kazi uani kwake anapoanza kuulizia thiknesa, yaani mashine ya randa ya kupunguza unene. Mpya bei yake inatisha, kwa hiyo macho yanahamia kwenye mtumba wa Dar es Salaam au Mwanza.

Thiknesa ya mtumba ni ununuzi mzuri. Ila wengi wanakagua rangi na kusikiliza mota kwa dakika moja, wanalipa, kisha Tabora wanakuta mashine haikubaliani na umeme wa nyumbani au haivuti mbao. Anzia na umeme, kwa sababu kosa hapo halirekebishiki kwa spana.

Tafuta kibati chenye maandishi, mara nyingi kiko mgongoni mwa mota. Mashine iliyotoka Japani imeandikwa volti 100, ya Marekani 120, ya Ulaya 230. Ya Ulaya inaingia moja kwa moja kwenye soketi yetu. Hizo mbili nyingine zinahitaji transfoma ya kushusha, na hapa watu hukosea kwa kununua ndogo. DeWalt DW735 ya Marekani, kwa mfano, inakula ampia 15 kwa volti 120, yaani takriban wati 1,800. Transfoma ya VA (volti-ampia) 2,000 itachemka kwa kazi ya mfululizo, maana mota ikianza kuzunguka huvuta zaidi ya kiwango chake cha kawaida. Weka ya VA 3,000, na bei yake uijumlishe kwenye bei ya mashine kabla ya kusema umepata cha bei nafuu.

Angalia pia hezi, yaani umeme unapiga mizunguko mingapi kwa sekunde: wetu ni 50, wa Marekani 60. Mota yenye kaboni, ile inayolia kwa ukali kama grainda na yenye vifuniko viwili vidogo vya plastiki ubavuni, haijali 50 wala 60. Mota nzito isiyo na kaboni, inayovuma kwa utulivu, inajali sana. Ikiwa ni ya Marekani iliyotengenezwa kwa hezi 60 tu, kwetu itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na itapata joto, hata kama volti umezishusha vizuri. Hiyo iache.

Kisha kuna zile kubwa za chuma cha kumwaga kutoka Ulaya, zenye safesi (mashine ya kunyooshea uso wa mbao) juu na thiknesa chini. Ni mashine za kudumu na zinaweza kuuzwa kwa bei ya kushangaza, sababu kubwa ikiwa ni umeme wa fezi tatu. Kabla hujakata tamaa soma kibati. Kikisema 230/400, mota inaweza kufungwa kwa delta (mpangilio wa waya zake unaokubali volti 230) na kuendeshwa kwa invata, kifaa kinachopokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu. Kikisema 400/690, njia hiyo haipo. Utabadilisha mota au utaomba TANESCO wakuletee fezi tatu. Wapo mafundi wanaotumia kapasita badala ya invata, kwa makadirio ya maikrofaradi 70 kwa kila kilowati. Mota itazunguka, lakini inapoteza karibu theluthi ya nguvu, na kwa mbao ngumu kama mkongo au mninga theluthi hiyo utaihitaji.

Umeme ukishakubali, chomoa waya ndipo uguse visu. Fungua kifuniko na upitishe tochi kwenye makali. Pengo dogo kwenye kisu litaacha mstari mwembamba uliotuna kwenye kila ubao, hilo linanoleka. Kinachosumbua ni kisu kilichokwisha upana kwa kunolewa mara nyingi, au kisu cha aina isiyopatikana nchini. Mashine ndogo nyingi, kama Makita 2012NB, zinatumia visu vyembamba vyenye makali pande mbili: upande mmoja ukiisha unageuza. Ulizia seti mpya ya visu hivyo kabla ya kulipia mashine.

Shika shafti ya visu pande zote mbili uinyanyue, uisukume juu na chini. Ikicheza hata kidogo, beringi zimekwisha. Hilo lisikutishe, maana nyingi ni saizi za kawaida kama 6203 na 6204 ambazo maduka ya vipuri vya bodaboda yanazo. Chukua zenye mpira pande zote mbili, zilizoandikwa 2RS, na zisiwe za bei ya chini kabisa. Shafti iliyolika mahali pa beringi ndiyo ya kuogopa. Ukiona chuma kimekwaruzwa kwa kuzunguka ndani ya beringi, ondoka.

Rola ndizo zinazosahaulika, na ndizo zinazovuta mbao. Bonyeza mpira kwa ukucha. Ukiacha alama inayorudi polepole, mpira bado uko hai. Ukiwa mgumu na unang'aa kama kioo, mbao itateleza katikati ya safari huku visu vikiendelea kusugua palepale, na utaona shimo la upana wa kidole limeungua. Mng'ao wa juu unaondoka kwa spiriti na msasa namba 120 uliopitishwa kidogo. Usipake petroli wala tina, vinavimbisha mpira. Mpira uliopasuka hauponi kwa msasa.

Jaribio linalomaliza ubishi ni hili. Nenda na vipande viwili vya mbao kavu, kila kimoja cha sentimita 50 kwa 4, na venia (kipimo cha unene) mfukoni. Vipitishe kwa pamoja, kimoja kikigusa ukingo wa kushoto na kingine wa kulia, kwa kina kidogo, mara mbili. Kisha pima. Tofauti ya milimita 0.1 ni nzuri. Ikifika 0.3, muulize muuzaji kama skrubu za kupandishia upande mmoja zinaweza kurekebishwa. Mara nyingi ni mnyororo wa chini ulioruka jino moja, na kuurudisha ni kazi ya nusu saa. Muuzaji asiyetaka mbao ipite kwenye mashine yake amekwisha kukujibu.

Kwa safari, iwe kwa treni au kwa lori, pitisha gogo laini chini ya kichwa cha mashine, ushushe mpaka kikae juu yake, ndipo ufunge kamba. Bila hivyo skrubu za kupandishia kichwa ndizo zitakazobeba mitikisiko yote. Usiinyanyue kwa meza zake za kukunja.

Nyumbani, mashine ya wati 1,650 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inakula takriban uniti 1.65 za LUKU kwa saa, na hiyo si nyingi. Tatizo ni waya. Ekstensheni nyembamba ya taa inashusha volti, mota inakosa pumzi, kaboni zinaisha haraka. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, usizidi mita 20, na uukunjue wote, ulioviringwa unachemka. Jioni, majirani wakiwa wamewasha kila kitu na taa zikififia, acha kuranda. Fanya kazi asubuhi.

Sasa mbao. Thiknesa hainyooshi ubao uliopinda. Rola zinaukandamiza ukawa bapa, visu vinapita, na ukitoka chini ya rola unarudi kwenye upinde wake, mwembamba zaidi lakini bado umepinda. Uso mmoja lazima unyooshwe kwanza kwa safesi au randa ya mkono. Kama huna safesi, chukua ubao bapa wa MDF (ubao wa kiwandani wa unga wa mti uliogandishwa), laza mbao yako juu yake, chomeka kabari ndogo mahali panapocheza, zibane kwa gundi ya moto, weka kizuizi mbele, upitishe vyote pamoja. Uso wa juu ukinyooka, toa kabari, geuza, na sasa mashine inafanya kazi yake halisi. Baada ya hapo punguza pande zote mbili kwa kiasi kinacholingana. Ukila upande mmoja tu, unyevu wa ndani unatoka bila kulingana na ubao unajikunja kama beseni kabla hujaukata. Mbao mbichi ndiyo mbaya zaidi: utomvu na unga wa mti vinaganda kwenye rola. Ipange kwa fito za kutenganisha, kivulini, kiangazi chote.

Mninga una nyuzi zinazopishana, ndiyo uzuri wake na ndiyo mateso yake. Kwa kina cha milimita 2 utang'oa vipande vidogo kama magamba. Nusu milimita inatosha kwenye mpito wa mwisho, visu vikiwa vikali, na ubao ukifutwa kwa kitambaa chenye unyevu dakika chache kabla. Paina unaweza kuikata milimita 2 bila wasiwasi. Kitabu cha Makita 2012NB kinaruhusu 3 kwa ubao usiozidi milimita 150, na kidogo zaidi kwa upana wake wote wa 304. Heshimu hiyo ya pili hasa. Kabla ya chochote piga brashi ya waya ubao mzima. Mchanga wa mahali ulipolazwa unaua makali kuliko mti wenyewe, na mbao za kreti zipitishie sumaku kutafuta misumari.

Shimo dogo kwenye sentimita 8 za mwanzo na mwisho linatokea kwa sababu pale ubao unashikwa na rola moja tu, mkia unaning'inia, kichwa kinanyanyukia visu. Nyanyua mkia kidogo unapoingia na kichwa unapotoka, au pitisha mbao zikifuatana zikigusana, na acha sentimita 10 za ziada kila ncha za kukata baadaye. Kipande kifupi kuliko sentimita 35 usikipitishe. Kikiwa kifupi mno hakifiki rola ya pili kabla hakijaachwa na ya kwanza, na visu vinaweza kukirusha nyuma. Simama ubavuni, kamwe usiiname kuchungulia ndani.

Maranda yatajaza gunia kwa dakika chache. Njia ikiziba, yanakandamizwa na rola kwenye uso uliokwisha kurandwa na kuacha vishimo, watu wakidhani visu vibovu. Wafuga kuku watayachukua kwa furaha, ila vumbi la mninga na mvule linawasha pua na kifua, kwa wengine hadi pumu. Vaa barakoa nzuri, si kitambaa.

Visu vya kunoa vipelekwe vyote kwa pamoja na virudi vikiwa na upana na uzito sawa, la sivyo shafti itatetema. Ukivifunga, kimoja kikizidi kingine hata kwa unene wa karatasi, kitakata peke yake na uso utatoka na mawimbi unayoyasikia kwa kidole. Kaza boliti za katikati kwanza, kidogo kidogo, ukielekea nje.

Meza yenye kutu isugue kwa msasa namba 320 na mafuta kidogo, ufute, kisha uipake nta. Nta ya nyuki imejaa mkoani kwetu na wengi huikimbilia, lakini peke yake inanata na mbao inagoma. Mshumaa wa kawaida unateleza vizuri zaidi: sugua kipande chake mezani, futa kwa kitambaa kikavu, rudia kila unapoona ubao unasitasita.