Kiingereza ndicho kilichonichelewesha Kidenmaki

"Wewe si unajua Kiingereza? Basi Kidenmaki utakimaliza kwa miezi sita." Niliambiwa hivyo na wifi yangu nikiwa bado Tanga nafunga sanduku. Nikaambiwa tena na Mkenya mmoja tuliyekutana Copenhagen nikisubiri treni ya Odense, mji wa hapa Denmark ninakoishi. Mara ya tatu akanirudishia maneno yaleyale dada mmoja niliyekaa naye dawati moja kwenye shule ya lugha. Wote watatu nimewasamehe, ila kinyongo kidogo kimebaki, maana ushauri huo ulinila mwaka mzima na nusu.

Nilinunua daftari nene, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto Kiingereza, kulia Kidenmaki. Neno moja kwa neno moja. "Put" ni sætte. "Think" ni tænke. "Go" ni gå. "Ask" ni spørge. "Free" ni gratis. Kila usiku maneno kumi, naimba peke yangu jikoni kama mtoto wa madrasa na juzuu yake. Kamusi nilikuwa nayo, ile nyekundu ya wachapishaji Gyldendal, niliipata kwenye soko la mitumba kwa krona thelathini, au hamsini, bei ya mchezo. Na kamusi haikuwa na kosa lolote. Kwenye "put" ilimwaga maelezo marefu, mimi nikachukua neno la kwanza nikafunga kitabu, maana nilikuwa na haraka ya kufikisha maneno mia nne. Nilipoyafikisha nikampigia mume wangu simu kazini kumtangazia. Alikuwa kwenye mkutano.

Aibu zikaanza kuja kwa zamu. Wakati huo nilikuwa nasafisha vyumba hotelini. Ijumaa moja nikamwambia mwenzangu kwa sauti ya mtu aliyehitimu: "Jeg går til København i morgen." Akanitazama usoni, akashuka mpaka kwenye raba zangu, akapanda tena. "Går du? Over Storebælt?" Sasa, Odense iko kwenye kisiwa cha Fyn, na Copenhagen iko kwenye kisiwa kingine, zaidi ya kilomita 160 kwa barabara kutoka hapa. Katikati kuna maji, mlango wa bahari wa Storebælt, na kivuko chake, madaraja na tobo la treni, ni kilomita 18. Treni zilianza kupita 1997, magari 1998, na mtembea kwa miguu haruhusiwi mpaka leo. Gå ni kwenda kwa miguu. Mimi nilikuwa nimemwambia mwenzangu kwamba kesho alfajiri nitajitwika mzigo nivuke bahari kwa mguu. Ningesema "jeg tager til København" yangekwisha. Halafu ukishaelewa hivyo wanakugeuzia kibao: mtoto akiwa anacheza timu ya mpira wanasema "går til fodbold", hata kama analetwa na gari kila siku.

Wiki hiyohiyo, au iliyofuata, msimamizi akaniuliza kama naweza kufanya kazi Jumapili. Nikataka kumwambia nina nafasi. Daftari langu likanipa jibu: "Ja, jeg er gratis!" Yaani mimi ni wa bure, silipwi. Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema angepata wengine kumi kama mimi hoteli ingetajirika. Neno lilikuwa fri: jeg har fri, niko huru siku hiyo. Kiswahili tunajua kabisa kwamba huru na bure ni vitu viwili. Angalia hapo. Mswahili mwenye akili zake hawezi kusema "Jumapili mimi ni bure." Lakini mimi nilikuwa nimepitia kwa Mwingereza kwanza, na yeye kaviweka vyote kwenye kapu moja. Sikuliona hilo siku ile. Nililia tu kidogo chooni, nikaendelea kutandika vitanda.

Kilichonifungua macho ni bibi niliyemsimamisha kitandani.

Nilikuwa nimehamia kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kila zamu inapoisha unaandika ripoti kwenye kompyuta, wenzako wa usiku wanaisoma kabla hawajazunguka vyumbani. Kufikia hapo nilishajifunza kwamba "put" haina jibu moja, kuna na stille, na mimi nikaipenda stille kwa sababu matamshi yake hayanipi tabu. Nikaandika: "Jeg stillede hende i sengen kl. 21." Nikavaa koti nikaenda zangu kituo cha basi. Kesho yake naingia nakuta wenzangu wote wananiangalia kwa jicho la kicheko. Dada wa zamu ya usiku alikuwa amesoma ripoti akakimbia korido nzima, maana nilichokuwa nimeandika ni kwamba bibi wa miaka tisini na kitu nimemsimamisha wima kitandani, kama chupa ya chai. Bibi mwenyewe alikutwa anakoroma.

Katika nyumba ile kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa shule. Hapa kila mtu anaitwa jina lake tupu, daktari, bosi, mzee, wote ni "du", wewe. Mimi ulimi ulikataa. Mtu ana umri wa babu yangu nimwite jina kama mdogo wangu? Nikawa namwita "Mwalimu", kwa Kiswahili, nikamweleza maana yake, akafurahi mpaka akaanza kujitambulisha hivyo kwa wageni. Yeye ndiye aliyesikia habari ya bibi, akaniita mezani kwake, akachukua kikombe, kijiko na funguo zake. Kikombe: "den står." Kijiko: "den ligger." Akaenda mwenyewe na kigari chake cha kutembelea mpaka mlangoni, akachomeka ufunguo kwenye kitasa: "den sidder." Akaonyesha taa ya juu: "den hænger." Simama, lala, kaa, ning'inia. Kisha akakinyanyua kikombe akakirudisha mezani: "Jeg stiller den." Kijiko: "Jeg lægger den." Ufunguo: "Jeg sætter den i."

Nikasimama pale na sinia la dawa mkononi kama niliyepigwa na radi. Stå, stille. Simama, simamisha! Ligge, lægge. Lala, laza! Sidde, sætte. Kaa, kalisha! Kile kinachofanywa na kitu chenyewe, na kile unachokifanyia kitu. Nimezaliwa nacho! Bibi yangu Pangani, ambaye darasa hakuliona hata kwa nje, alikuwa anasema "mlaze mtoto" na "mkalishe mgeni" bila kukosea siku moja. Na mimi nimekuja mpaka Ulaya kujifundisha "put" inayofuta tofauti yote hiyo, halafu natafuta namna ya kuirudisha kwa kamusi!

Usiku ule sikulala mapema. Nilichukua daftari jipya, safari hii kushoto nikaandika Kiswahili. Kiingereza nikakinyima hata ukingo wa karatasi.

Yakaanza kumiminika. "Think" ilikuwa imenitesa kwa sababu Wadenmaki wana tro, synes na tænke, na shuleni tulipewa karatasi mbili za maelezo ambazo hazikunisaidia kitu. Siku moja nilikuwa nimemwambia Mwalimu "jeg tror, suppen er god", akaniuliza kwa upole, "Kumbe hujaionja?" Nikaona ananionea. Sasa iweke kwa Kiswahili: nadhani supu ni tamu. Si kweli unasikika kama mtu ambaye bado hajagusa kijiko? Aliyeionja anasema naona supu tamu. Basi tro ni nadhani, synes ni naona, na tænke ni kuwaza, kama unavyomuwaza mama yako usiku wa baridi. Imekwisha. Karatasi mbili zile nilifungia vitumbua.

"Ask" nayo. Wao wana spørge na bede. Kwa muda mrefu nilikuwa naingia mgahawani na spørge yangu, yaani nauliza kahawa, kama polisi anayeihoji. Kumbe spørge ni uliza, na bede ni omba, na uzuri wake ni kwamba bede ni hiyohiyo ya kumwomba Mungu. "Må jeg bede om en kop kaffe?" Naomba kahawa. Neno kwa neno, adabu kwa adabu! Siku niliyoisema hiyo kwa mara ya kwanza muuzaji hakunijibu kwa Kiingereza, na wanaoishi hapa wanajua huo ni ushindi wa namna gani.

"Time" sitaki hata kuisimulia, ila mara ni gang, wakati ni tid, saa ni time, na neno hilo la mwisho linaandikwa sawasawa na la Kiingereza ili likuangushe vizuri. Mwenzangu alinitumia ujumbe nije "om en time", nikaelewa nije wakati wowote. Nilifika jioni na ndizi zangu za kukaanga, sherehe imekwisha, wanaosha vyombo. Hata kwenye hesabu wanasema "to gange tre", mbili mara tatu, kama darasa la pili pale Chumbageni, Tanga.

Mwalimu na mimi tukawa na mchezo. Namletea neno la Kiswahili lenye mambo mengi ndani, yeye anatafuta kama na wao wanalo. Nikamletea epesi: mzigo mwepesi, kazi nyepesi. Akasema let, yote mawili. Nikamletea azima, ambayo kwetu ni ya anayetoa na ya anayepokea, niazime kalamu, nimeazima kalamu. Akacheka: låne, vilevile. Mara nyingine nilishindwa mimi. Nilimwambia "drik dine piller", kunywa vidonge vyako, akaniuliza kama nimeviyeyusha. Hapa dawa haziliwi wala hazinywewi, zinachukuliwa tu. Na kucheza kwetu ni kumoja, kwao mtoto na midoli yake ana-lege, mtu mzima na mpira ana-spille. Ukichanganya, mume wako anaonekana kila Jumatano anatoka kwenda kucheza kibaba-mama na wanaume wenzake uwanjani. Niliyasema hayo mbele ya mashemeji, mume wangu hajanisamehe. Da na når, ambazo kwetu zote ni -po- tu, bado zinanipiga chenga, ingawa kuna wimbo wake, "den gang da, hver gang når", mara ile da, kila mara når, na nauimba nikiwa bafuni.

Lakini ligge na lægge sikosei, na Wadenmaki wenyewe wengi wanazichanganya kila siku. Nina mwenzangu, mzaliwa wa hapahapa, ambaye huniita nimsomee ripoti yake kabla hajaituma. Namsahihisha nikiwa nimekunja nne.

Mtihani wa Kidenmaki kwa wageni, Prøve i Dansk 3, nilifanya mwaka uliofuata. Alama za huku ni za ajabu, zinaanzia hasi tatu mpaka 12, na ya kufaulu ni 02. Mimi kwenye kuzungumza nilipata 10. Kwenye kuandika 7. Ya kusoma tusiizungumzie, nilifaulu. Mtahini alinionyesha picha ya jikoni akataka niieleze, nikaisimamisha sufuria, nikalaza visu, nikaning'iniza mataulo, mpaka akaniashiria inatosha.

Kitu ambacho Mwalimu alikifurahia kuliko vyote ni ndugu. Mwingereza ana "aunt" na "uncle", basi, ukoo mzima umeingia humo. Mdenmaki ana faster, dada wa baba: shangazi. Ana moster, dada wa mama: mama mkubwa au mama mdogo. Morbror ni mjomba. Farbror ni baba mkubwa au baba mdogo. Nilipomchorea hayo kwenye leso ya karatasi aliiweka kwenye mfuko wa shati, akaniambia vijana wao siku hizi wanamwita kila mtu onkel na inamkera.

Basi kiangazi kilichopita shangazi yangu akaja kututembelea. Amestaafu ukarani bandarini Tanga, Kiingereza chake kimenyooka, magoti ndiyo yamekataa. Nikampeleka kazini akamwone Mwalimu. Tulikuwa tunatembea polepole kwenye korido, mimi nimemshika mkono, Mwalimu anatungoja kule mwisho. Nikapaza sauti kwa fahari: "Det er min faster!"

Nikasikia mkono unachomoka. Shangazi alikuwa ameng'ang'ania mkoba wake na ameongeza mwendo, anahema, ananitupia jicho la pembeni: "Mwanangu, haraka ya nini? Si unaona nakuja?"