Nilivyopanda beri za msituni mpakani mwa kihamba

Huku kwetu Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ukipita kando ya korongo lolote utakutana nazo: fito ndefu zenye miiba, majani yaliyoota matatumatatu yakiwa meupe upande wa chini, na matunda yanayoanza kijani, yakawa mekundu, mwisho meusi tii. Watoto wanazijua kwa midomo yao, wakubwa wanazijua kwa panga. Nilipomwambia baba mdogo kwamba nataka kuzipanda kwenye kihamba, yaani shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, alishusha jembe.

"Miiba? Mwanangu, babu yako ameifyeka maisha yake yote."

"Naiweka mpakani tu, baba mdogo."

"Mpakani kuna masale."

Masale, mimea ya mpaka tunayoiheshimu sisi Wachagga, sikuyagusa, hilo halina mjadala. Beri nilizipanda hatua chache upande wangu.

Kazi yenyewe iko kwenye kupata mche. Mbegu ni ndogo, ngumu na zinachelewa kuota. Kung'oa kichaka kikubwa ni kujichosha, na ndani ya hifadhi ya mlima hairuhusiwi kuchukua mmea. Kwa hiyo niliomba kwa jirani mwenye kichaka korongoni kwake, nikafuata tabia ya mmea wenyewe: ufito wake mrefu ukiinama hadi ncha ikagusa udongo wenye unyevu, ncha hiyo hutoa mizizi. Masika yalipoanza nilijaza viriba udongo mweusi na samadi iliyooza vizuri, nikavipanga palepale chini ya kichaka. Kila ncha niliifukia vidole vinne hivi kwenda chini, nikaikandamiza kwa jiwe isichomoke. Ncha iliyoanza kushika huvimba kidogo na kuwa nyeupe, kisha mizizi hutokeza. Nilikuwa navuta taratibu. Ikigoma kutoka, ujue imeshika. Hapo unakata ufito, unaacha kipande kama cha kushikia, unabeba mche wako.

Nilipanda kwa nafasi ya mita 1.5, nikasimamisha nguzo za mgrivilea na kukaza waya mbili, mmoja usawa wa kiuno, mwingine usawa wa kifua. Chini ya migomba hazifai sana: zinarefuka kutafuta mwanga na maua yanakuwa ya kuhesabu. Upande unaopata jua la asubuhi ndio wenyewe. Wakati wa kiangazi nafungulia maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, zamu yetu ikifika, na majani makavu ya migomba nayatandaza shinani. Ndugu yangu wa Moshi mjini, kwenye mita 800 na ushee tu kutoka usawa wa bahari, alichukua miche yangu. Iko hai, lakini imedumaa. Joto la kule haliipendezi.

Kupogoa ndiko kunakoamua kama una uzio au una pori. Ufito ukishazaa umemaliza kazi yake, nao hukauka, kwa hiyo naukata hadi chini. Machipukizi mapya yanayotoka shinani nachagua machache yenye nguvu na kuyafunga kwenye waya. Ncha zote zinazoning'inia nazikata kabla mvua hazijaanza, la sivyo zitashika udongo na kuhamia kwenye kahawa, na hapo baba mdogo atakuwa na haki ya kuniletea panga. Vaa shati la mikono mirefu. Miiba imepinda kuelekea nyuma, ndiyo maana ukivuta mkono kwa hasira inazidi kuingia. Sukuma mkono mbele kwanza, itaachia. Fito zilizokatwa nawatupia mbuzi zizini, majani yote wanayamaliza.

Wapinzani wakubwa ni ndege, hasa wale wadogo wenye mikia mirefu wanaotambaa matawini kwa makundi. Chandarua chakavu nilichofunika upande mmoja kimesaidia. Upande mwingine nimewaachia, sina nguvu ya kugombana nao kila alfajiri.

Kuchuma nako kuna jicho lake. Tunda jeusi linalong'aa bado ni chachu. Subiri weusi ufifie kidogo na tunda liachie kwa kuguswa tu, kwa sababu likishachumwa haliendelei kuiva. Nachuma asubuhi umande ukikauka, naweka kwenye sahani pana yasipondane, na siyaoshi mpaka muda wa kula. Kulaza hayalazwi; kesho yake yameota ukungu. Yanayobaki mama watoto anayaponda, anachuja mbegu kwa chujio la chai, anatia sukari na maji, na jagi huwa halifiki jioni.