Wenyewe wa Hothoni

Mei ya mwaka 2003 nilikuwa kibarua katika shamba la ng'ombe huko Clare, magharibi mwa Ayalandi, na siku hiyo tulikuwa tukikata majani ya sileji, yaani majani yanayovundikwa kuwa chakula cha ng'ombe. Mzee mwenye shamba aliendesha trekta kwa mistari iliyonyooka mpaka alipofika katikati, palipokuwa na mti mmoja wa hothoni, mti mdogo wa miiba, ulioinamishwa upande wa mashariki na upepo wa Atlantiki. Akauzunguka kwa mbali, akaacha duara pana la majani bila kuligusa.

Nilipomuuliza sababu, alizima injini, akanijibu: "Huo si wangu, kijana. Una wenyewe."

Nilisogea karibu. Maua meupe, kila moja likiwa na petali tano, yalikuwa yamefunika miiba, na harufu yake ilianza kwa utamu, kisha ikageuka kuwa kama ya nyama iliyochacha. Maua hayo yana trimethilamini, kemikali inayopatikana pia katika nyama inayooza. Ndiyo maana, nadhani, wazee wa kule walikataza kabisa kuyaingiza nyumbani wakisema yanaleta kifo. Mti wenyewe hauchagui sana udongo: huota kwenye chokaa, mfinyanzi au mawe, ilimradi upate jua. Ndege humeza matunda yake mekundu na kudondosha mbegu popote, nazo huweza kulala ardhini zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuchipua. Hothoni ya peke yake namna ile, ambayo hakuna aliyekumbuka kuipanda, ndiyo huhesabiwa kuwa mali ya viumbe wasioonekana. Mimi niliyekulia Tanga, nikiiona mibuyu ya mizimu ikifungwa vitambaa, sikuhitaji maelezo zaidi, na nilimheshimu mzee yule kwa moyo wote.

Jioni alinipeleka Latoon, hukohuko Clare, kuona hothoni ambayo msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan aliitetea mwaka 1999, akieleza kuwa majini ya jimbo la Munster hukusanyika hapo kabla ya kupigana na yale ya jimbo la Connacht, hata mpango wa barabara kuu ukarekebishwa ili mti ubaki. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana aliyakata matawi yake kwa msumeno wa mashine. Tuliukuta umechipua tena. Mzee alipitisha kidole kwenye kovu la tawi moja, akayachunguza machipukizi, akasema mizizi iko salama.