AZ ya wanawake: bingwa mara tatu halafu ikafutwa

Hivi mnajua kuna timu Uholanzi ilibeba ubingwa mara tatu mfululizo, halafu mwaka uliofuata klabu ikaifuta? Siongelei timu ya mchangani, ni AZ ya Alkmaar, timu ya wanawake, na mimi hii stori inaniuma mpaka leo.

Iko hivi, mwaka 2007 chama cha soka cha Uholanzi, KNVB, kilianzisha ligi kuu ya wanawake, Eredivisie Vrouwen, timu sita tu: AZ, ADO Den Haag, Heerenveen, Twente, Utrecht na Willem II. Kila timu ilikaa chini ya klabu ya wanaume ili ipate viwanja, vifaa na jina, na Vera Pauw, kocha wa timu ya taifa kipindi hicho, aliipigania sana. Wachezaji wengi bado walikuwa wanasoma au wana kazi zao, mazoezi jioni, pesa yenyewe ya kubahatisha. AZ wakiwa na kocha Ed Engelkes wakachukua 2008, wakachukua 2009, wakachukua 2010, yaani ligi ina misimu mitatu na bingwa ni huyohuyo tu! Beki Daphne Koster na kipa Loes Geurts ndo walikuwa nguzo pia za timu ya taifa iliyoenda Euro 2009 kule Finland, mara ya kwanza kabisa kwa Uholanzi, wakafika nusu fainali wakatolewa na England 2-1 kwenye dakika za nyongeza.

Sasa pesa. Oktoba 2009 benki ya DSB ikafilisika, na mwenye benki, Dirk Scheringa, ndo alikuwa mwenyekiti na mfadhili mkuu wa AZ, tena miezi michache tu baada ya timu ya wanaume ya AZ kubeba ligi chini ya kocha Louis van Gaal. Klabu ikaanza kubana matumizi na 2011 ikatangaza timu ya wanawake basi, inaishia hapo. Na msimu huohuo wa mwisho wadada wakabeba Kombe la KNVB, jamani! Walitakiwa kushinda nini tena ili wabaki?

Willem II nao wakafunga mwaka huohuo, Utrecht wakafuata 2014. Wachezaji kadhaa wa AZ wakahamia Telstar, klabu ya jirani iliyochukua nafasi, Koster baadaye akaenda Ajax. Watu wakiona Uholanzi imebeba Euro 2017 pale Enschede, 4-2 na Denmark, wanadhani imeshuka tu kutoka mbinguni, kumbe kocha Sarina Wiegman alikuwa ADO kwenye hiyo ligi ya timu sita tangu inaanza, na beki wa kulia wa fainali ile, Desiree van Lunteren, alipita AZ. Kazi ilifanyika mapema, na waliolipa ni wasichana wa Alkmaar ambao timu yao ilikatwa kama bili ya umeme.

2023 AZ wamerudi, wameichukua VV Alkmaar na kuipa jina lao, na nimefurahi kweli kuona ile jezi nyekundu tena kwa wadada. Ila nataka klabu iseme wazi mapema: bajeti ikibana tena, wa kwanza kukatwa ni nani?