Ngazi za Michenzani

Jana nimempelekea shangazi mkate wa ajemi kwake Michenzani, hapa Zanzibar mjini. Ghorofa ya nne, lifti hakuna. Nilipofika juu nahema kama nimetoka Nungwi kwa miguu, nikamuuliza nani aliyefikiria watu wazima wapande hivi. Akacheka. "Wajerumani, mwanangu. Tena wale wa Mashariki."

Nikarudi nalo kichwani njia nzima. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 waliyafanya watu wa hapa hapa, lakini hata hayajapoa wageni wakawa wanapigana vikumbo mlangoni. Berlin Mashariki ikaja na ramani za nyumba, Wachina na Warusi nao wamo. Marekani ikaingiwa na hofu tutakuwa Cuba ya Afrika. Ikamleta mwanadiplomasia wake, Frank Carlucci, akafukuzwa Januari 1965. Huyo huyo baadaye akawa waziri wa ulinzi kwao!

Ila kichekesho ni ugomvi wa Wajerumani wenyewe kwa wenyewe. Baada ya Muungano wetu na Tanganyika, Bonn, yaani Ujerumani Magharibi, ikataka ubalozi wa wenzao wa Mashariki hapa Zanzibar uondoke. Nyerere akawaachia hao wa Mashariki ubalozi mdogo tu, Dar es Salaam. Bonn haikuridhika, 1965 ikakata msaada wa kijeshi, naye Mwalimu akawaambia wachukue na uliobaki. Nchi changa, haina kitu mfukoni, inaingizwa kwenye ugomvi wa nyumba ya mtu mwingine.

Shangazi hayo hayamhusu. Anachotaka, Ijumaa nimpandishie mtungi wa gesi.