Siku tisa kabla ya Krismasi, na viraka themanini

Saa kumi na nusu alfajiri

Huniamsha ndoo. Hapa Umoja kwetu maji huja usiku, tena si kila usiku, na jirani wa juu huburuta ndoo zake kana kwamba anahama. Nikishaamka usingizi haurudi, kwa hiyo nakaa ukingoni mwa kitanda na kushona kwa mwanga wa simu hadi mtoto wa mwisho, mwenye miezi tisa, atakapolilia ziwa.

Cherehani siigusi saa hii. Ni ile nyeusi ya miguu niliyoachiwa na shangazi, na ikianza kunguruma ploti nzima inajua nimeamka. Alfajiri ni ya kazi ya mkono. Juu kuna uso wa viraka, katikati blanketi jepesi la mtumba, nyuma leso. Jana nilizipiga bandi zote tatu, leo nazipitishia uzi wa kudumu, kwa sababu usipofanya hivyo, mfuo wa pili tu lile la katikati linajikunja kama chapati iliyoharibika. Sindano yangu ni fupi, kastabini iko kidole cha kati. Nachukua mishono minne au mitano kwa mkupuo, kisha navuta. Ninachokipenda zaidi ni fundo. Ukifunga uzi mpya, fundo linabaki juu ya kitambaa, baya kama chunusi. Basi unaukamata uzi karibu, unauvuta kwa mshtuko kidogo, na fundo linatumbukia ndani. Linalia tk. Nyumba nzima imelala, nami nakaa kusikiliza hiyo tk.

Leo nimepata mistari sita kabla mtoto hajaamka.

Saa kumi na mbili na robo

Chai, uji, Baba Watoto akitafuta soksi. Ameondoka na mandazi mfukoni. Shule zimefungwa, kwa hiyo hakuna wa kukimbizwa kwenye basi, lakini pia hakuna wa kunipunguzia kelele hadi Januari.

Saa mbili

Nimetandaza vipande sakafuni. Kila kimoja ni inchi tano kwa tano. Mshono unakula robo inchi kila upande, kwa hiyo kinabaki inchi nne na nusu, na vinane kwa kumi vinatoa blanketi la mtoto mchanga la inchi 36 kwa 45. Vipande themanini. Hesabu hii nimeirudia hadi kijana wangu wa miaka saba anaijua bila kufikiri, wakati jedwali la nne bado linamshinda. Nimempa kazi ya kuvipanga kwa sharti moja: rangi mbili za kufanana zisigusane. Amefanya vizuri kuliko mimi, kwa sababu hana haraka.

Dada yake wa miaka minne amepewa pini za kuhesabu. Nazitoa zikiwa thelathini na lazima zirudi thelathini. Kuna mwaka zilirudi ishirini na tisa, na ile ya thelathini aliipata baba yao kwa unyayo.

Niseme jambo moja hapa, maana linaniuma kila Desemba. Wenye kazi hii nje wanaiita kwilti. Kwetu ni blanketi la viraka, na neno kiraka limeshahukumiwa kitambo. Aliyevaa kiraka hana. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimpelekea mama mkwe blanketi nililolishona miezi mitatu. Alilishika, akaligeuza, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mlikosa blanketi zima?" Sijamlaumu. Hata wateja wa mjini huniuliza bei, nikisema elfu tatu na nusu wananitazama kama niliyewauzia maji ya mfereji. "Si ni vipande tu?" Siku hizi nina picha kwenye simu. Kuna kijiji huko Alabama, Marekani, kinaitwa Gee's Bend. Wanawake weusi wa pale, vizazi kwa vizazi, walishona mablanketi kwa suruali za shamba zilizochakaa ili watoto wasife baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, na miaka minne baadaye yakawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Nikiwaonyesha wateja, nusu yao hununua. Nusu nyingine husema sawa, lakini hiyo ni New York.

Saa nne

Wakubwa nimewaacha kwa jirani wa mlango wa pili. Wa mwisho yuko mgongoni, nimemfunga kwa leso. Matatu ya kwenda Muthurwa imesota Jogoo Road kama kawaida ya Desemba, huku makanga akiimba bei mpya kama vile ni wimbo wa kanisani.

Gikomba naingia na kiberiti. Natafuta mashati ya kiume ya pamba, yale yaliyochakaa kola tu, kwani mgongoni kitambaa huwa bado kizima. Muuzaji ataapa kwamba kila shati ni pamba tupu. Simbishii. Nachomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuuwasha. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki jivu linalopeperuka. Nailoni na jamaa zake zinayeyuka, zinaacha kishanga kigumu cheusi. Leo kijana mmoja amecheka, akaniambia, "Mathe, utanichomea kibanda," kisha yeye mwenyewe akaanza kunichagulia. Mashati saba kwa mia tatu na hamsini, na blanketi jepesi la katikati kwa mia mbili. Yale ya kamera, yanayochaguliwa robota likifunguliwa tu, sikuyatazama hata bei. Ya nini shati la kupendeza kama nitalikata?

Kutoka hapo nimetembea hadi Biashara Street, mtoto amelala, kichwa kinaninginia. Nilitaka leso ya nyuma kwa oda ya Ijumaa. Mteja amejifungua mtoto wa kwanza, na mama yake ndiye anayelipia, kwa hiyo jina la leso nililijua kabla sijafika: NANI KAMA MAMA. Nimeipata ya bluu na nyeupe. Niliogopa nyekundu. Mwaka juzi nilishona bila kufua kwanza, nyekundu ikachuja, mwenye blanketi akanipigia simu kuniuliza kama waridi ndiyo rangi niliyokusudia. Nilimrudishia pesa zake zote. Sasa leso na kitenge vyote vinalowekwa kabla ya mkasi, wanga utoke na kitambaa chenye kunywea kinywee mapema.

Saa nane mchana

Leso imelowekwa, maji yametoka meupe, imeanikwa. Jua la Desemba limeikausha kabla ugali haujaiva. Nimeipiga pasi, nikaiweka kitandani. Nikaenda kumbadilisha mtoto nepi. Dakika tatu, labda nne.

Niliporudi, mwanasesere wa binti yangu alikuwa na rinda jipya.

Binti alikuwa ameikata leso kwa mkasi wangu wa kitambaa, ule ambao baba yake mwenyewe haruhusiwi kukatia karatasi. Na si ukingoni. Amekata katikati ya jina, mduara safi, kwa bidii ya fundi. Leso ilisoma NANI KAMA MA. Lile MA la pili lilikuwa kifuani mwa mwanasesere.

Nilikaa chini. Sikupiga kelele, na nataka ieleweke kwamba si kwa wema, ni kwamba sauti haikuja. Yeye akanitazama, akasema, "Mama, nimeshona kama wewe."

Saa tisa na nusu

Stima imepotea. Pasi imekufa, lakini cherehani ya miguu haijui stima ni nini, na hapo ndipo ninapomkumbuka shangazi. Nimeunganisha mistari mitano. Jicho lako lisiondoke kwenye ile robo inchi. Ukizidisha upana wa nyuzi mbili tu kila mshono, hutaona chochote mwanzoni, lakini mstari unatoka mfupi karibu nusu inchi na haukubali kukaa na mwenzake. Kijana wangu anasukuma gurudumu nikimwambia. Mtoto yuko chini ya meza anakula utepe wa futi.

Saa moja jioni

Baba Watoto amerudi, stima pia. Nimemwonyesha leso. Amelicheka rinda la mwanasesere mpaka nami nikacheka. Akasema, "Rudisha kipande palepale. Wewe si fundi wa viraka?" Ameenda kukaanga sukuma, akaniacha na hilo neno.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Wundanyi. Tunasafiri tarehe 22, na alitaka kujua kama tumeshakata tiketi kabla nauli haijapanda zaidi. Kisha mvua, kisha mbuzi, kisha binamu ambaye bado hajaoa. Nilijua kuna jambo, maana hapotezi pesa za simu kwa mbuzi. Mwishoni akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo:

"Lile blanketi lako, mama. Lile la viraka."

"Naam, mama."

"Panya wamelitoboa. Pembeni kidogo tu. Na Julai ile baridi ya huku unaijua. Ukija, beba sindano."

Nikamwambia nitamletea jipya, ninalo moja linakaribia kwisha, ni lake.

"Hilo utampa mwingine," akasema. "Mimi niwekee kiraka kwenye hilo langu."

Saa nne usiku

Wamelala wote watatu. MA nimelirudisha mahali pake. Nilimvua mwanasesere, nikaahidi fidia asubuhi. Nimeweka kipande kingine cha leso kwa chini, nikazungusha mishono midogo ya uzi wa bluu. Ukitazama kwa karibu mduara unaonekana. Mteja nitamwambia kilichotokea, akitaka nitampunguzia mia tano. Sidhani bibi wa mtoto atataka.

Kabla ya kuzima taa nimechukua shati la darasa la kwanza la kijana, lililombana mabegani tangu Agosti, nikakata mgongoni vipande viwili vya inchi tano. Kimoja cha tundu la panya. Cha pili cha akiba, maana namjua mama mkwe: anaposema pembeni kidogo, shimo linaweza kupitisha mkono. Nimevitia kwenye pochi pamoja na sindano fupi na kastabini. Mita inasema zimebaki yuniti tatu.